Ba É Nyuma ya Z

Muji wa Baraka, siku ya Mungu

Mama yangu,

Magulu yako yenye kuuma inaendelea namna gani? Na Papa, angali anakatala dawa? Miye niko muzima, sauti tu njo imekauka, juu kazi yangu huku ni kuita majina ya bantu na megafoni siku tunagawa mbegu.

Nataka nikuelezee Riziki, dada mwenye kushika ordinateri, ile kompyuta ya bureau yetu, mutoto wa kijiji ya Lweba. Mama, ile binti iko na akili, na roho pia! Usianze kucheka, hapana ile unawaza.

Tunaita majina kufuata alfabeti. Sasa ordinateri yetu haikujua kama É na E ni ndugu. Ndani yake kila herufi iko na numero, na numero ya É inapita ya Z. Basi ba-Élisabeth na ba-Étienne banatokea nyuma ya ba-Zawadi. Mama Élisabeth, mukimbizi wa Burundi mwenye kulima kule Lweba, alirudia kwake mara mbili na kitunga bure, juu akifikiwa, mbegu ya maharagi imekwisha. Bantu bakasema ba É balilogwa. Benyewe na ba Z bakazoea kungojea kule nyuma: banakuja na sufuria, banapika bugali, banaimba. Bakajiita korali ya Banyuma.

Lakini mvua ilikuwa karibu. Mama Élisabeth akikosa mbegu tena, batoto bake batakula nini?

Chef, mukubwa wetu wa kazi, akasema tutoe tu zile alama za juu ya É ku majina. Riziki akakatala. "Njo jina alibatizwa nayo, chef, na karte yake ya mukimbizi iko vile. Tufundishe mashini." Akafungua ndani ya ordinateri mustari wenye kuiomba majina, akaongeza maneno kidogo: ipange sawa vile Bafransa banapanga, É pamoja na E. Élisabeth akapanda mpaka kati ya Elia na Esther! Nilipiga makofi peke yangu.

Juzi nikaita: "Élisabeth!"  Alikuwa kule nyuma anawasha moto, hakuwaza ni yeye. Nikaita tena, akakuja mbio, mwiko ku mukono. Akapata mbegu, akalia, akamukumbatia Riziki. Kisha akarudia kule kule nyuma.

"Mama, umekwisha kupata, enda kwako," nikamuambia.

"Na ba Z, banabakia na nani?" Akaanza kukoroga bugali.

Riziki alisikia. Akarudia mbele ya ordinateri.

Unisalimie Papa, dada mukubwa na batoto bake, na shangazi mwenye kushona. Ukiomba, umutaje Riziki. Leo kisha misa amenipa majina ya kuita kesho: yanaanzia ku Z.

Mutoto wako wa makelele,
Célestin