Dakika Ishirini na Mbili za Karani

Jumatano, 9 Novemba 2022

Matokeo yametoka. Dwight Pruett, mwenye duka la vyakula vya mifugo, ameshinda udiwani. Ataapishwa tarehe 12 Desemba. Akiingia, wapinga bangi watakuwa watatu kati ya madiwani watano, na mchezo umekwisha. Jimbo limeruhusu miaka sita sasa, lakini duka la bangi halifunguliwi hapa mjini bila leseni ya baraza letu. Ombi liko moja tu — la Lorene Haskett. Lisipopita kwenye kikao cha tarehe 5, basi tena.

Mimi karani tu. Sina kura. Nina mihuri, funguo na ubao wa matangazo.

Jumatatu, 14 Novemba

Lorene kaja kumalizia fomu. Miaka thelathini kalima bangi kule milimani, helikopta za polisi zikimzunguka kila Agosti, na hajawahi kujaza hata fomu ya maktaba. Leo kajaza kurasa arobaini na moja! Penye "uzoefu katika biashara hii" akaniuliza aandike nini.

— Ukweli, nikamwambia.

— Shoga, ukweli wangu una kifungo cha miezi minane ndani yake!

Akauandika hivyo hivyo. Bei ya jumla imeporomoka, nusu ya majirani zake wamehama. Asipouza dukani mwenyewe, shamba linakwenda.

Kaniletea chupa ya jamu. Nimeikataa — karani hapokei kitu cha mwombaji. Akasema hata hakimu aliyemfunga alikuwa laini kuliko mimi. Nilifurahi kusikia hivyo, sijui kwa nini.

Ijumaa, 18 Novemba

Mwisho wa kupokea pingamizi ulikuwa leo saa kumi na moja jioni. Dwight kaingia saa kumi na moja na dakika nne, karatasi kwapani, saini mia mbili. Kumbe alikwama nyuma ya trekta — la mteja wake mwenyewe. Nimezikataa.

— Dakika nne, Bi Maureen? Nne?

— Sheria ni msumeno, Bwana Pruett.

Akazikusanya polepole, moja moja. Hakutukana. Kaniaga vizuri. Nami nilijiona mtu wa maana njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi, 24 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu. Dada kaniuliza ningekuwa diwani ningepiga kura gani. Nikamwambia anisogezee viazi.

Ijumaa, 2 Desemba

Tangazo la kikao lazima likae ubaoni saa sabini na mbili kabla. Kikao ni Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mwisho wa kubandika ni leo, saa hiyo hiyo.

Nilitoka saa kumi na mbili kasoro robo. Mvua. Kufuli la kabati la kioo lenye ubao limeshika kutu, ufunguo ukagoma. Nikarudi ndani kutafuta mafuta — hakuna. Nikaenda mpaka kituo cha petroli. Nilipokuja kufunga kioo nikatazama saa ya gari: kumi na mbili na dakika ishirini na mbili.

Miaka kumi na tisa sijachelewa hata mara moja!

Kuna hati ninayotia saini kuthibitisha nimebandika lini. Nimejaza siku na tarehe. Penye saa nimeacha wazi.

Jumatatu, 5 Desemba

Ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Kila msemaji dakika tatu, nami ndiye mshika saa.

Meya Arne siku zote huchelewa kwa porojo za mlangoni. Leo kafungua kikao saa kumi na mbili kamili. Hapo ndipo ningesema: tangazo lilichelewa, tuahirishe. Nilifungua kinywa. Nikasoma mahudhurio.

Lorene kasema maneno machache.

— Wengi wenu mmenunua kwangu miaka yote, kwa mlango wa nyuma. Naomba wa mbele.

Watu wakacheka, hata Dwight.

Tatu kwa mbili. Leseni imepita! Lorene kanikumbatia mbele ya watu. Koti lake linanuka mbwa na mvua. Niliona haya, na si kwa sababu ya koti.

Jumanne, 6 Desemba

Diwani mmoja wa wale watatu kapanda ndege leo kwenda kwa wajukuu. Harudi mpaka mwaka mpya. Kura haiwezi kurudiwa kabla ya Dwight kuapishwa. Naandika tu nione ilivyo.

Alhamisi, 8 Desemba

Nimemuuliza Meya Arne, kwa kuzunguka: tangazo likichelewa kubandikwa, kidogo tu, inakuwaje? Akainua mkono.

— Bi Maureen, mimi sijasikia swali. Mvua ile, nani alisimama kusoma ubao?

Hakuna. Hilo ni kweli. Likichelewa, kura ni batili — hilo nalo ni kweli, na analijua.

Mchana barua ya Dwight. Anataka nakala ya kila hati ya kikao. Ni haki yake. Sidhani anajua lolote.

Ijumaa, 9 Desemba

Asubuhi Lorene kaja tena na jamu.

— Sasa mimi si mwombaji, shoga. Nina leseni. Huna pa kutokea!

Nimeipokea. Iko kwenye droo.

Jioni hii, saa kumi na moja kasoro dakika nne, kabla sijafunga ofisi, Dwight kaingia. Kaninyooshea saa yake ya mkononi, bila kejeli.

— Leo nimewahi, Bi Maureen.

Kakaa kwenye benchi, kofia magotini. Hati zote nimempa, imebaki ile moja niliyoacha saa wazi. Naandika haya hapa kaunta, yeye anadhani natafuta jalada. Naogopa. Nikiandika kumi na mbili kamili, hakuna atakayejua. Hata yeye. Ataikunja, ataniamini, kwa sababu ni mimi.

— Imepotea? kaniuliza.

— Hapana. Ninayo.

Nimeiweka mbele yangu. Ng'ambo ya barabara Lorene yuko juu ya ngazi, anapigilia kibao cha duka. Ameniona dirishani. Ananipungia kwa mkono wenye nyundo.

Sijampungia. Nimeshika kalamu.