Kinga Niliyoizima kwa Saa Moja

Chumba cha Mashine,
S.L.P. 318.
14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini unalikanda kwa maji ya moto kama ulivyoagizwa, si kulitukana tu. Mama, dada yako, ni mzima. Anakula, anagomba, basi jua hana neno. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo siiwezi.

Umeniuliza mara mbili kwa nini siji kukuona, na mara mbili nimekudanganya eti kazi nyingi. Leo nasema kweli, tena kwa mkono, maana barua pepe za hapa zina wasomaji wengi.

Kazi yangu unaijua nusunusu. Tuna kompyuta moja kubwa, na ndani yake tumegawa kompyuta nyingi za kubuni, kila mteja na yake, kama wapangaji wa nyumba moja. Kumbukumbu yake hukatwa kurasa. Kurasa kubwa zinaleta kasi. Kuchota kwa ndoo si sawa na kuchota kwa kijiko. Ila ubongo wa mashine hii una kasoro ya kuzaliwa. Mpangaji mwenye nia mbaya akizichezea kurasa kubwa kwa ujanja fulani, mashine nzima inaganda, na wapangaji wote wanaganda nayo. Ndiyo maana kuna kinga inayozikata kurasa hizo ziwe ndogo. Unapata usalama, unapoteza kasi.

Mwezi wa tatu niliizima. Saa moja tu, Mjomba, nipime kasi! Sheria yetu ni kwamba anayebadilisha kitu aandike daftarini, mwenzake asome, atie sahihi. Nikaandika "jaribio". Mwenzangu, tunayemwita Fundi Kimya, akasaini bila kusoma kwa sababu alikuwa anakula. Mara akaingia mkubwa wetu, Bwana Haraka, akaona mashine inavyokimbia, akapiga makofi. Sijafungua mdomo, ameshaita wateja waje waone. Wiki iliyofuata nikapandishwa cheo, nikapewa nyumba ya kampuni, hiyohiyo mama anayowaringia majirani. Ningesema nini? Nikaiacha kinga vilevile, imezimwa.

Tangu hapo sitoki. Likizo sichukui, kwa sababu atakayekalia kiti changu ataiona. Feni za mashine zikibadili sauti, nakimbilia kuitazama kama haijaganda. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Sasa sikia. Jumatatu Bwana Haraka katangaza kwamba hospitali ya uzazi inahamia kwetu, kwenye mashine ileile. Kundi la damu la kila mzazi, dawa alizopewa, vyote humo, pamoja na wapangaji ambao hata sura zao hatuzijui. Lahaula! Nikamfuata ofisini nikamweleza yote. Alinisikiliza akichokoa meno, kisha akafungua daftari, akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Aliyeizima nani? Basi iache. Kasi hii nimeshawaahidi watu. Ukiigusa, ufunguo wa nyumba mezani."

Hospitali imehamia leo asubuhi. Kuirudisha kinga ni amri ya mstari mmoja tu, wala mashine haizimwi. Siku tatu nautazama mstari huo kwenye kioo, mkono hauendi. Nikiandika, mama anafunga virago. Nisipoandika, iko siku muuguzi atatafuta kundi la damu la mzazi anayevuja damu, akute kioo kimeganda. Sina pa kushika, Mjomba. Naogopa.

Nimeweka kalamu chini kidogo, nimerudi. Nimeuandika ule mstari. Daftarini nimeandika na sababu, kwa jina langu, na safari hii Fundi Kimya kasoma mpaka mwisho, kaniangalia, kasaini. Kasi imeshuka palepale. Simu ya mezani inaita, na namba ni ya Bwana Haraka. Aite tu, nimalize salamu.

Nisalimie binamu fundi cherehani, na pacha wake mvivu wa kuandika. Mkaza mjomba mwambie atutandikie chumba kile cha nyuma, watu wawili. Mama bado sijamwambia.

Mungu akuweke, Mjomba, na sisi atufikishe salama.

Mpwa wako asiyeacha kukupenda,

Kiherehere