Koti Lililopotea Mlimani

Majengo, Moshi
4 Septemba 1994

Shemeji Mama Stella,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, ila mke wangu Hilda jino linamsumbua. Natumaini wewe na watoto mko salama, na yule ng'ombe wako mkorofi amezaa bila taabu.

Nina jambo la furaha. Unakumbuka mimi na marehemu Thadeus tulivyoanza mwaka 1987: ubao mmoja juu ya matofali, na juu yake jozi nne za mabuti tulizoachiwa na wageni tuliowabebea mizigo mlimani. Watu walitucheka, eti nani atakodi kiatu cha mtu! Sasa duka letu lina vyumba viwili, makoti ya kila kimo, mahema na fimbo za kupandia. Jumamosi ya tarehe 24 padri anakuja kubariki. Nataka kibao kiandikwe "Sirili na Thadeus", lakini siwezi kuliandika jina la mumeo bila ruhusa yako. Njoo, shemeji, useme ndiyo.

Barua hii nampa Dominika, akipanda kurudi kutoka kuuza ndizi.

Shemeji yako,
Sirili


Uru
9 Septemba 1994

Shemeji Sirili,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa dume, ndiyo bahati yangu hiyo. Hilda asukutue kwa maji ya chumvi.

Habari za kibao tuziweke kando kwanza. Mwezi uliopita nilishuka Majengo kwenye ubatizo, nikapita mbele ya duka lako. Akatoka mgeni, mwanamke mrefu, amevaa koti jekundu lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko cha kulia. Sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka miguu ikaniuma.

Thadeus alipoletwa nyumbani ile Pasaka ya 1991, baridi imemuua, nilikuuliza koti lake liko wapi. Uliniambia limepotea mlimani. Basi siku hizi mlima unarudisha vitu? Niambie ukweli, shemeji. Ulimvua ndugu yako akiwa hai, au akiwa maiti?

Shemeji yako,
Mama Stella


Majengo
15 Septemba 1994

Shemeji Mama Stella,

Salamu. Hilda hajambo sasa, anakushukuru kwa dawa.

Maneno yako yamenikata maini. Makoti mekundu yamejaa kwenye mitumba, na viraka vya bluu hata mimi ninavyo kwenye suruali. Majonzi humwonyesha mtu mengi. Nimempa Dominika kilo mbili za sukari na mche wa sabuni akuletee. Padri anauliza kama utakuja.

Shemeji yako,
Sirili


Uru
18 Septemba 1994

Sirili,

Sukari nimeirudisha kama ilivyofungwa. Mtu akiulizwa habari ya koti akajibu kwa sukari, ana lake jambo.

Koti la Thadeus nililishona kwa mkono wangu. Chini ya kola, ndani ya bitana, nilimfichia medali ya Mama Maria. Mwenyewe hakujua, maana angenicheka. Fumua. Usipoikuta, nitapiga magoti mbele ya padri nikuombe radhi. Ukiikuta, hilo jina usiliandike.

Ni mimi,
Mektrida


Majengo
27 Novemba 1994

Shemeji, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Natumaini mu wazima. Mimi si mzima sana. Padri alikuja, akabariki duka lisilo na kibao. Watu waliponiuliza nikasema rangi haijakauka.

Nilifumua siku ile ile nilipopata barua yako. Medali ipo. Imenichukua miezi miwili kushika kalamu.

Sikumvua, shemeji. Pasaka ile alikuja mgeni ambaye mizigo yake ilipotea safarini, na makoti yetu yote yalikuwa yamekodiwa. Thadeus akavua lake, akaliweka juu ya ubao, akasema kama mtu anayekwenda shamba la nyumbani kwake tu, "Mpe hili. Mimi mlima ni kihamba changu." Nikalipokea. Niliona anapanda na sweta tu. Niliona na mvua inavyojikusanya huko juu. Nikanyamaza, kwa sababu mgeni angekwenda kukodi kwa mwingine. Siku ya nne Thadeus akashushwa kwenye machela. Siku ya sita mgeni akarudisha koti, akatushukuru.

Ningekuambia nini? Nikasema limepotea, nikalifungia sandukuni. Agosti Hilda alilitoa akalikodisha bila kujua.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Nimelifunga fundo kama baba alivyotufundisha kuomba msamaha. Najua nimechelewa.

Sirili


Uru
2 Desemba 1994

Shemeji,

Sisi wazima. Isale limefika, ncha imekauka, lakini ni isale. Unajua sisi jani hilo hatulikatai. Ndiyo maana nimeligeuza mkononi siku tatu nikijiuliza: huyu ameomba msamaha, au amenifunga mdomo? Huenda nikafa sijajua. Nimelia, nimekutukana kwa Kichagga jikoni mpaka watoto wakatoka nje.

Ila neno moja limenifanya niamini. "Mlima ni kihamba changu." Hilo hukulitunga. Alilisema humu ndani kila alipofunga mzigo, nami kila mara nilimjibu kwamba kihamba hakimuui mwenyewe.

Jumatatu nashuka. Koti hilo halikodishwi tena. Litundikwe ndani, karibu na mlango, nami nitakaa chini yake. Mgeni akija kutaka koti, nitamwuliza kwanza mpagazi wake amevaa nini. Kama hana kitu, atavikwa yeye kwanza, mgeni asubiri. Akitaka kwenda kwa mwingine, njia anaiona. Ukichoka nami nitakurudishia jani lako.

Kibao kiandike. Lakini Thadeus atangulie. Wewe umezoea kumwacha atangulie.

Na Hilda aniwekee kiti chenye egemeo. Dukani kwetu sitakalia ubao.

Shemeji yako,
Mama Stella