Tiketi ya Kwenda Tu

Harrisburg, 20 Februari 1911

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vinauma kwa kupiga taipu. Muswada wa seneta ninayemfanyia kazi utasikilizwa na kamati Jumanne, 14 Machi. Anataka kufuta zamu ndefu, ile ya saa ishirini na nne mnayoifanya kila Jumapili ya pili mnapohama kutoka mchana kwenda usiku. Wenye viwanda wanaleta mawakili saba. Sisi hatuna hata mtu mmoja aliyewahi kusimama mbele ya tanuri la chuma. Nimelitaja jina lako. Njoo, Baba, nakuomba.

Mwanao, Zuzana

Pethickton, 27 Februari 1911

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, maana yake bado kipo. Naona umekuwa mtu wa mjini kwelikweli: jina la mzee wako unalitaja kwanza, kumwuliza baadaye. Marehemu mama yako alikuwa hivyo hivyo.

Nyumba ninayolala ni ya Bwana Pethick mwenye kiwanda, duka ni lake, na sasa ametujengea maktaba ya vitabu elfu sita. Ondrej wa tanuri letu akamwambia nyapara, "Mwambie atujengee na macho, yetu yamekwisha fumba kwa uchovu." Tulicheka. Nyapara hakucheka. Mwaka juzi jirani yetu Juraj alizungumza na mtu wa gazeti. Kufika Ijumaa vyombo vyake vilikuwa barabarani, theluji inaviangukia. Nina miaka hamsini na minane, Zuzana. Nani atanichukua? Niache nifikiri.

Baba yako

Pethickton, 6 Machi 1911

Binti yangu,

U hali gani? Nimefikiri. Nyapara hatoi ruhusa, lakini unaijua desturi yetu: anayetaka siku hubeba zamu ya mwenzake. Leo asubuhi nimemaliza zamu ndefu yangu. Jumapili ijayo nitamfanyia Ondrej ya kwake, naye atanishikia Jumatatu na Jumanne. Usinigombeze, njia nyingine hakuna. Nikitoka Jumatatu asubuhi naingia kwenye treni, nitalala humo humo.

Suti niliyomzikia mama yako nimeipiga brashi. Hivi mama mwenye nyumba unakopanga anachukia harufu ya kiko?

Baba yako

Harrisburg, 14 Machi 1911

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana huku hukufika. Jana nilikungoja stesheni, zikapita treni tatu. Leo kiti chako kilibaki kitupu, na wakili wa Bwana Pethick akakinyooshea kidole: "Huyu ndiye anayeteseka? Mbona haji kutueleza?" Watu wakaangua kicheko. Seneta hakuniangalia tena.

Kama uliogopa ungeniandikia, hata mstari mmoja. Sijakasirika. Hapana, nimekasirika.

Zuzana

Pethickton, 19 Machi 1911

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Telegramu ya Ondrej ilinifikia Jumatano. Anasema ilikuwa Jumatatu alfajiri, saa ya ishirini na mbili ya zamu. Ulikaa kidogo tu kando ya mfereji wa chuma kilichoyeyuka, usingizi ukakuchukua, ukaangukia humo. Tangu nifike hanitazami usoni. "Zamu ilikuwa yangu," anasema. Nimemjibu kwamba siku ilikuwa yangu. Tumekaa pale jikoni kwako, supu ya kabichi ikapoa, hakuna aliyeigusa.

Bwana Pethick ameleta shada la maua. Nyapara ameleta tarehe: nyumba iwe tupu kufika Ijumaa. Kamati imeahirisha muswada hadi kikao kijacho, yaani miaka miwili. Seneta ameniambia kwamba nitakaa mimi kwenye kile kiti, na barua zako mkononi. Nitakaa.

Nimefungua shajara yangu kwenye tarehe 20 Februari. Niliandika mstari mmoja: "Nimemwita Baba." Sikuandika kitu kingine siku hiyo.

Barua yangu ya tarehe 14 niliikuta chini ya mlango, haijafunguliwa. Nimeitia motoni, ikaungua yote.

Halafu nikaikunja suti yako, na mfukoni nikakuta tiketi ya treni. Nimeigeuza mara nyingi kutafuta kipande cha kurudi. Hakipo. Ulinunua ya kwenda tu.

Mama mwenye nyumba hachukii kiko, Baba. Nilisahau kukujibu.

Mwanao, Zuzana