Jina Lako Walilolifungia Kabatini

Baba Nekesa,

Kule ngumbaru, darasa letu la watu wazima, mwalimu alitufundisha kwamba barua inaanza kwa kuuliza hali. Nimeandika "natumaini uko mzima," nikaangalia, nikafuta. Sasa karatasi imechafuka hapo juu na sina ingine, utanivumilia. Unakumbuka ulivyonicheka siku ile nilisema nataka kwenda kusoma na wamama wengine? "Mama Nekesa, utamwandikia nani?" Si unaona. Ni wewe.

Sikuandikii kwa kulia. Mwaka wa kwanza nililia wote, ukatosha. Nakuandikia kwa hasira, na pia kwa sababu kuna jambo nimekufanyia huko Bungoma majuzi, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Nekesa amepata mtu. Anaitwa Wafula, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Bungoma. Kijana mpole. Mara ya kwanza kuja hapa Kipsongo aliukuta ule mlango wa jikoni ukining'inia kama ulivyouacha, akaomba nyundo kwa jirani, akautengeneza, hakuna mtu alimwambia. Nikasema moyoni, huyu basi. Nikafurahi siku tatu. Siku ya nne wazee wake wakauliza msichana ni wa ukoo gani. Nekesa akawatajia ukoo wa Makokha, vile ulituambia tuseme siku zote. Jibu likarudi haraka: haiwezekani. Huo ni ukoo wao. Ati Wafula na Nekesa ni ndugu na dada, na mtu haoi dada yake.

Dada! Nilikaa chini hapo hapo juu ya gunia la mahindi. Nekesa alichukua ungo akaanza kupepeta maharagwe ambayo nilikuwa nimeshapepeta.

Wewe na mimi tunajua. Ulinisimulia tukipukuchua mahindi, tena zaidi ya mara moja, na nayaandika hapa ili hata watoto wa Nekesa wasome. Makokha hakukuzaa. Alikuwa mpishi wa mzungu pale shambani nje ya Kitale. Mama yako alifika hapo na wewe mgongoni, akapewa kazi ya kuchuma pareto. Homa ikamchukua ukiwa bado mdogo, na Makokha, hata bibi hakuwa ameoa, akakulaza karibu na jiko lake akakulea. Ulipofika wakati wa kutahiriwa alikupeleka kwao Bungoma, ukasimama na vijana wao, na ukoo wake ukakufunika. Mtu mzuri. Simsemi vibaya hata leo. Lakini ona sasa, nguo aliyokuvisha ndiyo imemfungia mtoto wako mlango.

Halafu nikakumbuka siku ya kuhesabiwa.

Ulisema mama yako alikuwa bado hai. Karani alikuja shambani na kitabu kikubwa, akawekewa kiti mbele ya stoo, watu wote wakapangwa laini. Wewe ulikuwa umeshika nguo ya mama yako ukiangalia kalamu. Na mama yako alisema sana. Alimtaja baba yako kwa jina, akamtaja baba ya baba yako, akataja mahali walikotoka. Nyapara alikuwa anamgeuzia karani kwa Kiswahili, karani anachovya wino, anaandika, anachovya tena. Mwisho karani akasema, "Mama, inatosha, hapa si kanisani," na laini yote ikacheka. Hayo ndiyo uliyobaki nayo, kicheko na wino. Jina lilikupita. Mtoto angejuaje kulishika? Alidhani mama yake atakuwepo kesho amwambie tena.

Kwa hivyo nikafikiri, kama uliandikwa, uko mahali. Nikavaa kitambaa changu cha kanisa nikaenda ofisi ya serikali Kitale. Nikamkuta kijana wa tai, rika la Nekesa. Nikamweleza polepole, nikamwambia nataka mstari mmoja tu, ule wa mume wangu na mama yake, hata sitakigusa kitabu, anisomee.

"Mama, hizo karatasi ni siri."

Nikauliza, siri ya nani?

"Sheria inalinda habari za watu."

Nikamwambia, mtu mwenyewe ni mume wangu na amekufa. Mama yake amekufa. Makokha amekufa. Hata mzungu wa shamba alishaenda kwao. Sasa mnamlinda nani, bana? Kijana akacheka, lakini mkubwa wake akatoka chumba cha ndani hakucheka. Akasema, "Nyinyi tunawajua. Leo mnataka majina, kesho mtasema babu yenu alikaa hapa, mnataka shamba." Nikasema sitaki shamba, nataka jina. Akaniambia niende nyumbani nikalime. Nilime wapi, mimi ninayekaa Kipsongo, nyumba juu ya nyumba? Ati nisitake shamba, halafu niende nikalime!

Nilirudi nikashindwa hata kuwasha moto.

Ningeachia hapo, Baba Nekesa, unanijua mimi ni mwoga. Lakini Agosti hii, huu mwaka wa themanini na tisa, wametuhesabu tena. Kijana wa hesabu alikuja hadi mlangoni, nikampa kile kiti chako. Akaniuliza kila kitu. Nyumba ni ya mabati au nyasi. Maji natoa wapi. Choo kiko wapi. Nimezaa wangapi, na waliokufa ni wangapi. Nikamwambia wawili. Nikataka kumtajia majina yao, akasema majina ya waliokufa hayahitajiki, ni idadi tu. Nikamuuliza, na mimi nikija kwenu kuuliza kitu kimoja, mtanijibu? Akacheka, "Mama wewe ni mchekeshaji," akaandika namba ya chaki mlangoni, akaenda kwa jirani.

Niliiangalia hiyo chaki hadi chai ikapoa. Mtu anaweza kuja kwangu akanihesabia hata watoto niliowazika, na mimi ni lazima nijibu. Mimi nikienda kwake na swali moja, ni siri. Hapo ndipo woga uliniisha, au niseme ulibaki lakini hasira ikaupita.

Nikachukua daftari yangu ya ngumbaru. Mwalimu akaniandikia juu kabisa kwa mwandiko wake mzuri: "Sisi tuliohesabiwa, na watoto wa waliohesabiwa, tunaomba kuonyeshwa majina yetu." Katibu wa kanisa akaniazima kile kibati cha wino wa muhuri. Nikazunguka Kipsongo nyumba kwa nyumba, halafu kwa wazee waliobaki kule mashambani. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba. Nilidhani ni shida yangu peke yangu, kumbe! Kuna mzee hajui alizaliwa wapi, kila akienda kutafuta karatasi ya serikali anafukuzwa, na serikali hiyo hiyo ilimwandika akiwa mtoto. Kuna mama anamtafuta ndugu yake waliyepotezana naye alipohamishwa shamba. Wengine hawakuwa na haja ya kitu, walitaka tu kuona jina la mama yao limeandikwa mahali.

Chifu alisikia. Akaniita. "Mama, nasikia unafanya mikutano bila ruhusa." Nikamwambia si mkutano, ni mtu mmoja mmoja. Akauliza wino ni wa nini. Nikasema, Baba Nekesa, wino ni wa kanisa, na hiyo si uongo. Akaniachilia na onyo. Kurasa nne zilikuwa zimejaa. Kesho yake nikaanza ya tano.

Na ni ukurasa wa tano ulioniletea Kukhu Nasimiyu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, na huyu ni yule anayeuza ndizi mbivu karibu na kisima, ambaye tumepita mbele yake miaka yote bila kujua. Aliweka kidole kwa wino, akasimama nacho juu, akauliza, "Hii ni ya kitabu cha karani gani?" Nikamwambia cha shamba lile la pareto. Akasema, "Lile la mpishi Makokha?" Nikamwambia ndilo hilo. Alikuwa kwenye ile laini. Alisimama nyuma ya mama yako! Alisema mama yako alikuwa na mwanya na hakuwa mtu wa kunyamazishwa, hata baada ya karani kusema inatosha aliongeza neno. Nikamshika mkono na wino wake wote. Kukhu, alitaja jina gani?

Akasema, "Mwanangu, nililikuwa nalo. Miaka mingi nilikuwa nalo. Limeenda. Lakini alimtaja baba ya mtoto, hilo nalijua, na hakuwa Makokha."

Kwa hivyo nikaenda naye Bungoma, na Nekesa pia. Tukapita Webuye, pale kwa kiwanda cha karatasi, magogo yamepangwa kama milima, na Kukhu akauliza, "Hizi zote zinakuwa karatasi?" Nikasema zote. Akasema, "Na yetu moja ndiyo inawashinda kutoa?"

Wazee walikuwa wamekaa kwa baba yake Wafula. Mmoja akaanza kumdharau Kukhu. "Wewe mama mzee, unakumbuka hata ulichokula jana?" Kukhu akamjibu, "Jana nilikula kwangu, nakumbuka vizuri. Leo niko kwako na hata chai sijaona." Watu wakacheka, chai ikaletwa, na wakamsikiliza. Akawaambia yote, laini, karani, mama yako mwenye mwanya, baba aliyetajwa kwa jina mbele ya watu. Halafu yule mkubwa wao, na hakusema kwa ubaya, akasema: "Huyo mtu tulimtahiri sisi. Tulimwita wetu. Tukikubali maneno haya, hatuwezi kubaki naye nusu. Tunamtoa. Mama Nekesa, simama useme mwenyewe."

Hili ndilo jambo lenyewe. Nilimwangalia Nekesa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi kwa leso kama ulivyokuwa unavuta uzi kwa koti lako ukiwa na wasiwasi.

Nikasimama nikasema, mume wangu hakuwa wa ukoo huu. Mara ya kwanza hawakunisikia. Ilibidi niseme mara tatu.

Nisamehe. Kitu kimoja tu ulikuwa nacho hapa duniani ambacho hukukinunua kwa kazi, na mimi ndiye nimekuvua, mbele ya watu, na kitabu hakikuwepo nikuvishe chako. Kama ule mstari ungekuwa mkononi mwangu siku hiyo, ningesema hakuwa wa hapa, alikuwa wa pale, mwana wa fulani, na ungetoka mlango mmoja ukaingia mwingine. Sasa umesimama nje kwa sababu ya kabati la mtu. Na huyo mtu wa kabati analala vizuri. Ati analinda habari zako!

Wakikuambia huko uliko kwamba zile karatasi ziliharibika zamani, usiniambie nitulie. Kama zilichomwa, wanionyeshe majivu. Kama karani alichoka akaacha kuandika ilipofika zamu ya mama yako, wanionyeshe hapo pasipoandikwa, niweke kidole changu hapo, nijue.

Siku ya kuzungumza mahari wazee waliuliza nani atakaa upande wa baba. Ndugu za Makokha hawawezi tena. Ndugu zangu wakasema watakaa wao, ni rahisi. Nikakataa. Nikaleta kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, nikakiweka mbele pamoja na vya wazee, nikasema kisikaliwe na mtu. Mjomba wangu akaninong'oneza, "Unatuaibisha." Nikamwambia aibu ni ya walioficha, si ya kiti. Waliongea mambo yote na kiti kikiwa hapo katikati. Wafula alipopita alikizunguka, hakukiruka. Nilimpenda zaidi.

Harusi ni Jumamosi. Nekesa ameomba avae ile saa yako iliyosimama, nimempa, ingawa nilimwambia atachelewa kanisani. Alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uende.

Sasa lala, Baba Nekesa. Usikae ukinisubiri mlangoni kama ulivyokuwa ukifanya nikichelewa sokoni. Nakuahidi: kiti chako kitarudi kukaa pale pale mlangoni kwangu, na hakuna mtu wa hesabu atakayekikalia tena mpaka waniambie wewe ni mwana wa nani. Jumamosi namsindikiza mtoto wako. Jumatatu, ofisi ikifunguliwa, mimi na Kukhu tuko hapo na daftari, kurasa saba sasa, na safari hii sitavaa kitambaa cha kanisa. Nitavaa gumboots zangu za shamba, wajue nilikotoka.

Ni mimi wako,
Mama Nekesa