Mke wa Kwanza wa Primus

Mpendwa mdogo wangu Keziah,

Sisi wazima, na mahindi yamestawi. Tangu vita viishe tukawa huru, watu wanatafuta jamaa zao waliouzwa enzi za utumwa. Jumapili alifika Tamar, mke wa kwanza wa mume wangu Primus, aliyeuzwa Texas kabla sijaolewa. Primus alimkumbatia akalia. Hakulia hivyo hata tulipomzika mwanetu.

Tamar ni mzuri, mdogo wangu. Wivu ulinikaba. Nikamfokea Primus, “Nenda naye, basi! Siku hizi hakuna bwana wa kukuzuia.”

“Ndiyo maana nachagua mwenyewe, Hester. Nabaki.”

Tamar aliondoka kesho yake. Primus amebaki kweli. Lakini kila jioni hukaa mlangoni akiitazama njia aliyopita Tamar, nami hukaa kando nikimtazama yeye.

Niombee moyo utulie.

Dada yako,
Hester