Namba ya Tatu ya Kengeza

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaulizia afya, nitaulizia mama, nitaulizia mafriji yako unayotengeneza, mwisho karatasi itaisha na mimi nitajipongeza kwa barua ndefu.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mama hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba? Sisi huku wazima. Wifi yako mgongo umetulia, anakusalimu sana. Mimi bado nazungusha mikate madukani na kile kigari changu, sina jipya.

Jana mama kanipigia. Kasema umeongea na mtu wa vyuma chakavu aje ambebe Kengeza tarehe mosi Aprili. Kasema gari limekataliwa mara mbili kwenye ukaguzi wa moshi, mara ya tatu na ya mwisho ni Jumatatu tarehe thelathini na moja, na wewe huendi tena kujiaibisha. Halafu kasema ulimwambia hivi: "Baba aliniachia kitu kimoja, na mimi nimekiua."

Sikumaliza chai yangu.

Ningekupigia, lakini mimi kwenye simu unanijua, ukikohoa tu nabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo naandika, na barua nampa dereva wa basi.

Kosa lenyewe ni hili. Ile wiki uliyokuja kumchukua Kengeza hapa kwangu mwaka jana, ile taa ndogo ya njano yenye picha ya injini ilikuwa inawaka. Nilifungua dashibodi nikachomoa balbu yake. Ukaingia, ukawasha, taa za mbele zikafumbuka, ya kulia kwanza, ya kushoto ikachelewa kama kawaida yake, tukacheka kama baba alivyocheka siku alipompa hilo jina. Ukatazama dashibodi ukasema nimemtunza. Mimi nikasema ahsante.

Kwa hiyo hujaua kitu. Gari lilikuja kwako likiwa linaumwa, na mimi nililiziba mdomo. Balbu iko humu ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye karatasi ya mkate. Irudishe. Tafuta mtu mwenye mashine ya kusoma makosa ya gari, kisha uniandikie namba zitakazotoka. Mtu wa vyuma mwambie asubiri.

Ni mimi,
Kaka yako

---

Tarehe 8 Machi

Shikamoo kaka,

Barua imefika, balbu imefika, na makombo ya mkate yamefika. Mama mzima, miguu inakwenda na kurudi, leo imeenda. Mimi mzima, ila nina hasira, na hasira zenyewe hazikai vizuri kwa sababu kila nikikukumbuka unachomoa balbu na lile tumbo lako limebanwa chini ya usukani, nacheka.

Mwaka mzima, kaka! Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la hewa, nikamwaga oili. Kila nikishika kitu najiambia hapa ndipo nilipoharibu. Tuache kwanza.

Balbu nimeirudisha. Taa imewaka papo hapo, njano kabisa. Mama alikuwa amekaa kiti cha abiria akaniambia inapendeza, niiache.

Mashine nimeazima kwa fundi wa gereji ya nyuma yetu, yule niliyemtengenezea friji ya soda. Unachomeka waya chini ya usukani, unasubiri, inakuletea namba. Zimetoka tatu. P0455, mvuke wa petroli unavuja pakubwa. P0171, injini inavuta hewa kuliko inavyotakiwa. P0420, masega hayafanyi kazi. Fundi kanieleza kwamba masega ni kile kitu kilichomo kwenye bomba la moshi, kina vitundu kama nyumba ya nyuki, ndicho kinachosafisha moshi kabla haujatoka nje.

Sasa wewe ndiye uliyekaa naye miezi minne baada ya msiba. Hizi namba unazijua?

Mdogo wako

---

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa nimeipokea kwa aibu. Sisi wazima. Wifi yako kaisoma barua yako, kacheka pale kwenye tumbo mpaka mgongo ukamrudia.

Nazijua. Nakujibu moja moja.

Namba ya kwanza. Kuna harusi nilikwenda na Kengeza bila kukuambia, na gari lilikuwa lako tayari, baba alikwisha sema. Njiani nikajaza petroli, mfuniko wa tangi nikauweka juu ya paa, nikaondoka. Ulidondokea wapi sijui. Nikachukua mfuniko wa gari jingine unaofanana, nikaulazimisha. Unazunguka lakini haukazi. Mvuke unatokea hapo.

Namba ya pili. Tazama mpira mnene wa hewa unaotoka kwenye chujio kwenda injini. Chini, upande usioonekana, umepasuka. Spana ilinidondoka nikaukanyaga nikiitafuta, usiniulize nilikaaje. Nikauzungushia utepe mweusi wa umeme. Najua ulipobadilisha chujio uliukuta umeachia, na ulinipigia ukaniuliza kama wewe ndiye uliyeuchana. Nilikwambia mipira ya zamani ina tabia hiyo. Si wewe. Ni mguu wangu wa kushoto.

Namba ya tatu, hiyo huenda ni sensa tu, kile kidude kwenye bomba kinachopima moshi. Sensa za magari ya umri ule zinasema ovyo. Ukishatengeneza hizo mbili, futa namba zote kwa hiyo mashine, taa itazimika, nenda kwenye ukaguzi hata kabla ya tarehe.

Msalimie mama.

Kaka yako

---

Tarehe 17 Machi

Kaka,

Mama mzima, mimi mzima. Shikamoo ya leo naiweka akiba, utaelewa kwa nini.

Mfuniko nimepata wa kwake hasa, ukiukaza unalia ta-ta-ta. Mpira nimeweka mpya. Kuhakikisha hakuna pengine panapovuja nikafanya kama ninavyofanya kwenye mafriji: upepo kidogo wa pampu ya baiskeli, povu la sabuni kila kiungo, halafu unakaa unatazama. Hakuna povu lililopumua. Kengeza akatulia, anaunguruma sauti moja, nikamzungusha mama mitaa mitatu. Anasema baba alikuwa anakata kona vizuri kuliko mimi.

Kisha nikafuata ushauri wako, nikafuta. Nikaenda ukaguzi.

Mkaguzi ni mama mmoja wa makamo, miwani ameining'iniza na kamba shingoni. Akachomeka mashine yake, akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Akasema gari limefutwa kumbukumbu. Halijajipima lenyewe, linatakiwa kutembea siku kadhaa ndipo liseme kama ni zima, kwa hiyo hapimi. Akaniuliza nani kanishauri nifute. Nikasema kaka yangu. Akasema, "Huyo anajua kitu ambacho wewe hujui." Bahati yangu hakuihesabu kuwa mara ya tatu. Nirudi tarehe thelathini na moja.

Nikaendesha siku mbili. Taa ikawaka. Nikasoma: namba moja tu, ile ya tatu.

Nilibadilisha sensa, kaka, kwa sababu ulisema ni sensa. Ikarudi ile ile. Basi nikaingia chini ya gari nikaligonga lile kopo la masega kwa nyundo ya mpira. Likalia kama debe tupu. Nikafungua sensa, nikaingiza kwenye kile kitundu ka-kamera kangu kembamba ka kuchungulia nyuma ya mafriji.

Hakuna masega. Ndani kumeshindiliwa stilwaya za kusugulia masufuria.

Nimekaa chini pale sakafuni mpaka mama akaja kuuliza kama nimebanwa. Nikamwonyesha picha. Akatazama, akatazama, akasema hizo ni zake. Pakiti nzima ilipotea jikoni kwako siku zile alipokuwa anaishi kwenu, na yeye akamlaumu wifi. Sasa anataka kujua amwombe wifi msamaha kwa simu au aje.

Nimecheka, sikuzuii usicheke. Lakini nakuuliza. Ile siku nilipokataliwa mara ya kwanza, mwezi wa kwanza, nikakupigia nalia, nikakwambia nadhani nimemharibu Kengeza wa baba, wewe ulijibu nini? Unakumbuka? Mimi nakumbuka neno kwa neno. Nataka uniandikie wewe.

Mdogo wako

---

Tarehe 22 Machi

Kaka,

Basi limepita mara nne, dereva ananipungia mikono mitupu. Mama anauliza kama unaumwa. Nimemwambia huumwi, unafikiri.

Mashine ya fundi niliiuliza mara moja ikajibu. Mtu wa vyuma kanipigia leo, nimemwambia nitampa jibu Jumatatu ile jioni baada ya ukaguzi. Bila masega hakuna ukaguzi, na bila ukaguzi sitaweza kumweka Kengeza uani atazamwe kama picha ya marehemu. Atakwenda.

Mdogo wako

---

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Sikuumwa. Nilianza barua tatu, zote zinaanza na habari za mgongo wa wifi yako, nikazichana.

Nakumbuka nilichokujibu. Nilisema, "Ndiyo hivyo mdogo wangu, gari si friji, linataka mtu mzoefu." Ukasema sawa. Na mimi nikakata simu nikapakia mikate.

Balbu ni kosa. Mfuniko na mpira ni makosa. Jibu lile ndilo baya kuliko yote. Ulinipa nafasi ya kusema kweli, unalia, na mimi nikaitumia kukuweka chini.

Masega yako hayajaenda mbali. Yamo kwenye kigari changu cha mikate.

Ilikuwa hivi. Kigari changu na Kengeza ni wa kiwanda kimoja, injini zao ukoo mmoja, kopo la masega linaingia huku na kule kwa boliti zile zile. Ya kwangu yalikuwa yamevunjika ndani, yanacheza kama njugu kwenye mkebe, na ukaguzi wangu ulikuwa umefika. Nikasema naazima ya Kengeza wiki moja tu, nikipita narudisha. Nikafungua, nikabadilisha. Kopo langu nikalikung'uta vipande vyote, nikalifunga kwa Kengeza, na ili lisilie debe nikatafuta kitu cha kujaza. Mama alikuwa ametoka kununua stilwaya.

Nilipita ukaguzi siku ya Jumatano. Wewe ulisema utakuja Jumapili. Ukaja Alhamisi, umechangamka, umeshika ufunguo wa akiba wa baba. Ningesema pale pale ingekuwa kichekesho cha dakika tano. Nikaenda kuchomoa balbu.

Kwa nini? Nimejiuliza siku hizi zote. Nadhani ni kwa sababu baba alimpa binti yake Kengeza, hakumpa mwanawe wa kiume anayeshinda barabarani. Alisema wewe ndiye uliyekuwa unamshikia tochi. Ni kweli, mimi nilikuwa nakimbia kazi ile, mikono inachafuka. Lakini iliniuma, na kila ulipokataliwa nilikuwa na upande mdogo ndani yangu unaosema unaona sasa. Huo upande nimeuandika hapa ili uujue, na ili na mimi niuone kwenye karatasi. Hauna sura nzuri.

Nimemwambia wifi yako yote juzi, na stilwaya zikiwemo. Hakunipigia kelele. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria lililoungua na kunikabidhi. Nimelisugua siku mbili. Mwambie mama asije, ampigie tu, wifi kasema ameshasamehe na anamuulizia miguu.

Jana Jumapili nimeingia chini ya kigari nikafungua masega ya baba. Nimeyatazama kwa tochi, vitundu vyote vipo, hakuna hata kimoja kilichobomoka. Nimeyafunga kwenye blanketi, yako kwenye rafu ya mikate hapa nyuma yangu ninapoandika. Kigari nimekiegesha ndani. Mikate naipeleka kwa baiskeli mpaka nipate masega yangu mwenyewe. Wenye maduka wananiuliza kama nimeanza mazoezi, nasema ndiyo, na tumbo lile linashuhudia.

Sasa sikiliza. Jumamosi tarehe ishirini na tisa, nashuka kwenye basi la saa nne asubuhi, blanketi mkononi. Usinipokee stendi, nitakuja mwenyewe. Mimi ndiye nitakayelala chini ya gari na kuyafunga, wewe ukae juu ushike tochi kama ulivyomshikia baba, uniambie nikikosea. Saa saba mchana yatakuwa mahali pake. Kisha hatufuti namba. Tunamwendesha Jumamosi jioni na Jumapili kutwa, wewe usukani, mimi pembeni, mama akitaka zamu yake nitashuka, mpaka ile taa izimike yenyewe. Na Jumapili hiyo mchana, wakati wa kula, nitamwambia mama mbele yako yale maneno niliyokujibu kwenye simu, neno kwa neno, na kwamba yalikuwa uongo.

Jumatatu tarehe thelathini na moja saa mbili asubuhi naingia na wewe kwa yule mama wa miwani. Akiuliza tena nani alikushauri ufute, nitanyoosha mkono.

Marahaba yangu ninayo hapa. Ile shikamoo uliyoiweka akiba usiitoe Jumamosi nikishuka. Ishike mpaka Jumatatu.

Ni mimi,
Kaka yako